Pawabenki ya kununua: acha kuuliza inachaji simu mara ngapi, uliza yenyewe inajaa baada ya masaa mangapi

Wiki mbili kabla ya Idd nilikuwa na oda za vileja, visheti na keki za watu kumi na tisa, na oda zote ziko WhatsApp kwenye simu moja, hela zinaingia simu hiyohiyo, boda wa kupeleka mizigo ananipigia simu hiyohiyo. Nikasema umeme ukinikatikia hapa nimekwisha. Nikapanda bajaji mpaka madukani Ngamiani hapa Tanga nikanunua pawabenki imeandikwa 30000mAh, hiyo mAh ndio kipimo cha ukubwa wa betri, kwa elfu arobaini na tano. Muuzaji akaniambia, "Dada angu hii unachaji simu wiki nzima." Sikuuliza kingine, nikalipa nikaondoka.

Siku ya tatu umeme ukakatika mchana huku kwetu Makorora, ukarudi saa kumi na mbili jioni, nikaichomeka hapohapo. Saa mbili usiku ukaondoka tena. Naangalia zile taa nne ndogo za bluu, ya kwanza imewaka, ya pili inapepesa, basi. Masaa mawili mazima ya umeme yameingiza hicho tu. Nikachomeka simu ikiwa asilimia 6, ikapanda ikafika 38, pawabenki ikazima. Hiyo 38 nayo haikukaa, mteja wa keki ya aqiqa alipokuwa ananitafuta usiku simu ilikuwa imeshalala.

Asubuhi nikaigeuza, nikaimulika na tochi ya simu ya mwanangu, pembeni ya tundu la kuchomekea kuna maandishi madogo kama mbegu za ufuta: Input 5V 1A, yaani umeme unaoingia. Ubaya wote ulikuwa hapo.

Watu tukienda kununua tunaangalia mAh, tunaangalia ina matundu mangapi ya kuchajia simu, ina tochi au haina, sijui nyembamba, sijui ina rangi gani. Hayo yote kila mtu anayajua na kila boksi linayaandika kwa herufi kubwa, mimi siyagusi. Naongelea kitu kimoja ambacho sijawahi kusikia muuzaji hata mmoja Tanga hapa anakitaja, umeme unaingia kwa kasi gani kwenye pawabenki yenyewe. Maana pawabenki haizalishi umeme, inatunza tu ulioupata. Kama umeme umekuja masaa mawili na yenyewe inakunywa kwa mrija wa sindano, hiyo 20000 au 30000 ya kwenye boksi haikusaidii chochote, haitafika hata siku moja.

Hesabu yake ni ya darasa la tano. Chukua mAh zidisha kwa 3.7 gawa kwa 1000, unapata wati-saa. Pawabenki ya 20000mAh ni wati-saa 74. Sasa angalia pale palipoandikwa Input, zidisha V (volti) kwa A (ampea). 5V 1A ni wati 5, 5V 2A ni wati 10, 9V 2A ni wati 18. Gawa 74 kwa wati zako. Kwa wati 5 ni masaa karibu 15, na hapo hujahesabu umeme unaopotea kama joto na vile betri inavyoingia polepole ikikaribia kujaa, weka masaa 18 mpaka 20. Kwa wati 10 weka masaa tisa au kumi. Kwa wati 18 ni masaa sita mpaka saba. Pawabenki zenye ukubwa uleule kabisa, moja ukiichomeka asubuhi inajaa kabla ya alasiri na nyingine unalala unaamka bado inapepesa taa.

Na mtu asiniambie siku hizi umeme upo. Najua upo, bwawa la Julius Nyerere lina mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115, na mgao kama ule wa mwisho wa 2023 kuingia 2024 sijauona tena. Lakini nguzo ikianguka kwa mvua ya masika au laini ikiwa kwenye matengenezo, megawati zinabaki hukohuko Rufiji na mimi niko gizani na unga nimeshaukanda. Ndio maana kwangu mimi kinachohesabika ni yale masaa mawili matatu ya umeme katikati ya kukatika na kukatika.

Nilipoliweka hili kwenye status watu wakaanza kunitumia picha za migongo ya pawabenki zao, wengine shoga zangu kabisa, wengine siwajui. Dada mmoja wa Pangani yake imeandikwa 50000mAh, Input 5V 1A. Nikampigia hesabu, kama hiyo 50000 ingekuwa ya kweli ingetaka karibu siku mbili kwenye soketi. Kijana mmoja wa bodaboda pale stendi ya Kange yeye alikuwa anadhani pawabenki yake imekufa kwa sababu haijai, kumbe anaichaji kwa kichwa cha chaji cha kisimu cha batani. Na hili nalo liandike kichwani, pawabenki ya kuingiza wati 18 ukiichomekea kichwa cha wati 5 itaingiza wati 5 tu. Kichwa lazima nacho kiwe cha chaji ya haraka na waya uwe mzuri.

Haya sasa, zipi za kununua.

Ya kwanza kwangu ni Redmi ya Xiaomi, ile ya 20000mAh ya wati 18, na sifichi kwamba naipenda na nitaitetea popote. Ninayo toka mwezi wa tatu. Ina matundu mawili ya kuingiza, la kizamani (micro USB) na taipu C, kwa hiyo hata waya wako wa taipu C ukikatika unaazima wa simu ya zamani ya jirani. Niliipima siku moja nikiwa jikoni na saa ya ukutani, nimeichomeka saa moja asubuhi ikiwa tupu kabisa, taa ya mwisho ikatulia saa nane kasorobo mchana. Na masaa mawili ya umeme yananipa simu moja kamili, ya betri 5000mAh, na kinabaki kidogo. Yangu ile ya kwanza kwa masaa hayohayo ilinipa asilimia 32. Jingine ninaloipendea hawa watu wanaandika ukweli kwa nyuma, kuna mstari unasema uwezo halisi ni 12000mAh kwa 5.1V. Msishtuke, sio wizi. Betri ya ndani ni volti 3.7 na simu inataka 5, kwenye kupandisha hizo volti namba ya mAh inashuka na kingine kinapotea, pawabenki zote duniani ziko hivyo. Tofauti ni kwamba mwenye heshima anaandika na mwingine anakaa kimya. Ubaya wake ni nzito, kwenye mizani yangu ya keki ilisoma gramu 440 na kitu, kwenye mkoba unaisikia bega.

Ila ukienda dukani shika boksi usome wati 18, maana kuna Redmi ya 10000 ya wati 10 na wauzaji wanaziweka pamoja wanasema ni kitu kilekile kasoro ukubwa. Sio kitu kilekile.

Ya pili Anker. Kwa ubora sina ubishi nao, hizi mpya za taipu C zinaingiza wati 20, nyingine 30 na kuendelea, ungekuwa mashindano ya kasi peke yake ningeiweka juu. Nimeishusha kwa bei, na kwa sababu za kughushi ni nyingi, utaona Anker ya elfu thelathini mtu kaimwaga chini kwenye turubai na wewe unajua haiwezekani. Kuna watu wameniuliza kuhusu ile habari ya kulipuka. Ni kweli, Juni 2025 Anker wenyewe waliita zirudishwe pawabenki zaidi ya milioni moja zilizouzwa Marekani kati ya 2016 na 2022, PowerCore 10000, modeli A1263, kwa hatari ya kushika moto. Ukiuziwa mtumba angalia chini, ukiona A1263 iache. Lakini kwangu kampuni inayosema hadharani "tumekosea rudisheni" inanipa imani zaidi, kwa sababu hizi zisizo na jina ikikuunguzia godoro utamrudishia nani?

Mwezi huohuo Romoss nao walirudisha zaidi ya laki nne na tisini, na kuanzia tarehe 28 Juni China ikakataza abiria wa ndege za ndani kubeba pawabenki isiyo na alama ya usalama ya kwao, ile 3C. Mimi toka hapo nina swali linaninyima raha. Zile zote zilizokataliwa kule zimeenda wapi? Maana bei za chini zilizojaa ghafla kwenye meza za barabarani zinanitia wasiwasi, na sisi hapa tunaweka hivi vitu chini ya mto watoto wamelala.

Ya tatu Oraimo. Hii utaipata kila duka, ni ya Transsion, haohao wenye Tecno, Infinix na itel, na bei zake zinavumilika. Tatizo modeli ni nyingi mno, na kuna za zamani bado zinauzwa za tundu la kizamani na 5V 2A. Ukiikuta ya taipu C ya kuingiza wati 18 au zaidi chukua bila wasiwasi, mdogo wangu anayo Chumbageni na haina shida. Ikiwa ni ile ya wati 10 mimi nairudisha kwenye kabati la mwenyewe.

Baseus ni ya nne, nzuri, nyingine zinaonyesha asilimia kwa namba badala ya vitaa, unajua kabisa imebaki 43 au 12. Sijaitumia muda mrefu kwa hiyo sisemi sana.

Kama hela haitoshi 20000 ya maana, nunua 10000 mbili za kampuni ya kueleweka hata kama ni za wati 10. Moja ni wati-saa 37, inajaa kwa masaa manne mpaka matano, na ukiwa na vichwa viwili unazichomeka zote kwa pamoja zinajaa kwa muda uleule. Hii ni bora mara kumi kuliko dude moja kubwa linaloingiza kwa wati 5.

Za bei poa za elfu kumi na tano, ishirini, sina maneno mengi. Hata ile yangu ya "30000" ya elfu arobaini na tano niliiweka kwenye mizani ikasoma gramu 210, nusu ya Redmi ya 20000. Betri ni uzito, hakuna ujanja. Na zile zenye kioo cha sola mgongoni ndio kabisa, kile kijikioo cha ukubwa wa kiganja kinatoa wati moja hivi jua likiwa kali, hesabu mwenyewe wati-saa 74 utaianika siku ngapi, na betri ya lithiamu haitaki kuanikwa juani, joto linaiua.

Sasa wauzaji. Redmi hiyohiyo nilitumiwa bei ya Kariakoo 58,000. Hapa Tanga duka la kwanza 75,000, la pili 80,000, la tatu, na yako mtaa mmoja, 95,000. Nikauliza kwa nini, jibu "usafiri dada". Usafiri upi? Mzigo wa boksi zima kwa basi kutoka Dar ni elfu kadhaa tu na ndani zinakaa pawabenki arobaini. Ukiomba kufungua boksi usome nyuma unaambiwa ukifungua umenunua. Sasa nitasomaje Input bila kufungua, na kwenye boksi hamjaandika? Hii inaniudhi kuliko hata bei. Mtu anatoa hela ya mtaji wake ananyimwa kusoma maandishi ya kitu anachonunua. Dai risiti, na dai kufungua, asipotaka vuka barabara nenda kwa mwingine.

Ile yangu ya kwanza niliirudisha dukani siku ya nne. Kaka aliyeniuzia akaichukua, akaichomeka kwenye simu yake, alama ya chaji ikatokea. "Si hii hapa inachaji mama?" Nikamwambia kaka sikatai kutoa inatoa, nakwambia umeme hauingii, nikuachie hapa uichaji mpaka kesho uone. Akaniambia bidhaa ikishatoka dukani haipokelewi, akanirudishia mkononi akaanza kumhudumia mwingine. Risiti hakuwa amenipa na mimi sikudai.

Haikupita mwezi ikaanza kuvimba ubavuni, kile kifuniko chake kimeachia upande mmoja ukipitisha kucha inaingia. Sijaichaji tena. Nimeiweka kwenye debe tupu la biskuti nje ya jiko mbali na mtungi wa gesi, na watoto nimewakataza kulisogelea, maana lithiamu iliyovimba haitobolewi, haichomwi na taka, wala haitupwi jalalani ambako kila jioni wanawasha moto.