Bakapu ipo, mzee, ila nayo ina virusi

Nilisema nisubiri hasira ishuke ndipo niandike. Haijashuka, kwa hiyo naandika hivyo hivyo.

Ni mwalimu mstaafu, nakaa Ujiji. Nina tovuti ndogo ya picha za zamani za Kigoma: stesheni, mwalo wa Kibirizi, meli ya Liemba ilipokuwa bado ya mvuke, nyumba za njia ya miembe. Picha zenyewe ninazo kabatini. Utajiri wa tovuti ile ulikuwa maneno ambayo watu waliandika chini ya picha. Mtu yuko Kalemie anaandika, "huyo wa tatu kushoto, mwenye kofia, ni babu yangu, alikuwa fundi wa boti." Mwingine yuko Bujumbura anambishia. Maneno hayo hayana nakala kabatini kwa mtu.

Niliiweka kwa kampuni moja ya Dar inayotunza tovuti za watu kwenye kompyuta zake, yaani seva; jina nalihifadhi. Tangazo lao lilisema "ulinzi kamili, bakapu kila siku", bakapu ikiwa ni nakala ya akiba. Kwa ajili ya maneno hayo matano nikachukua kifurushi cha juu, na pensheni yangu mnaijua.

Mwishoni mwa masika mwanafunzi wangu wa zamani akanipigia: "Mwalimu, shikamoo. Mbona nikikutafuta Google inaniletea Kijapani?" Nikaifungua tovuti mwenyewe, iko safi. Nikapitia Google kama alivyoniambia, nikakuta duka la viatu na mikoba, maandishi ya Kijapani juu mpaka chini, na pembeni jina la tovuti yangu. Ndivyo wadukuzi hawa wanavyofanya: mwenye tovuti akiingia mlango wa mbele anaoneshwa nyumba yake, anayetoka Google anaoneshwa duka lao. Unaweza kukaa nao muda mrefu bila habari.

Nikapiga huduma kwa wateja. Baada ya muziki mrefu akapokea kijana. Nikajitambulisha, nikasema napiga kutoka Kigoma.

"Kigoma! Kumbe mwisho wa reli nako mna tovuti?"

Akacheka. Na nyuma yake nikasikia mwenzake anacheka. Nikanyamaza, maana nimefundisha watoto wa watu miaka mingi na najua kumsubiri mtu amalize kucheka. Nikamweleza tatizo. Akasema hayo ni mambo ya Google, niwapigie Google. Nikamwomba basi anirudishie bakapu ya kabla ya tatizo. Nikasikia anabonyeza bonyeza, kisha akatamka sentensi ambayo sitaisahau: "Bakapu ipo, mzee, ila nayo ina virusi."

Wanahifadhi siku saba tu. Ya nane inafuta ya kwanza. Mdudu alikuwa ameingia zamani, kwa hiyo nakala zote saba zilikuwa zake. Ni sawa na kumwekea mtu akiba ya magunia saba ya mchele, yote yana fukusi, halafu unamdai hela ya ghala. Nilipouliza kwa nini hawakusema siku saba kwenye tangazo, akanijibu nisome vigezo na masharti. Nikauliza kama kuna nakala nyingine mbali na seva ile. Akasema hakuna kampuni inayofanya hivyo.

Uongo huo! Machi 2021 kituo cha seva cha kampuni ya OVH kiliungua moto Strasbourg, Ufaransa, na wateja ambao bakapu zao zilikuwa palepale walipoteza vyote. Tangu hapo hata mtoto wa kompyuta anajua nakala moja ikae nyumba nyingine. Huyu kijana analipwa mshahara kwa kazi hiyo na hajasikia.

Sasa niwe mkweli. Usiku ule akanipigia fundi wao wa zamu, akaanza na shikamoo, akanivumilia. Ndiye aliyelikuta faili kwenye folda ya picha, katikati ya picha zangu, jina lake linafanana na za wenzake ila mwisho wake ni php. Picha haiwi php, mwalimu, akaniambia; hiyo ni programu. Akasema imeingilia kwenye plagini ya albamu, yaani programu ndogo ya nyongeza ya kupangia picha, ile ambayo wao wenyewe wanaiweka kwenye kifurushi na hawakuwa wameisasisha. Aliyasema hayo akijua ni aibu ya mwajiri wake. Kwa ajili yake nilikuwa tayari kutoa nyota nne.

Ndipo ikaja ankara ya "kusafisha tovuti". Yaani plagini yao, uzembe wao, hela yangu!

Kilichookoka nimekitoa Wayback Machine, ile hazina ya nakala za kurasa za zamani za mtandao, ya Internet Archive ya Marekani, bure kabisa. Nao walidukuliwa Oktoba 2024, taarifa za akaunti milioni 31 zikaibwa, huduma ikazimwa kwa siku kadhaa, lakini kurasa walizohifadhi zilibaki salama. Nimepata maneno ya miaka ya mwanzo, pamoja na ya yule wa Kalemie. Mabishano ya Bujumbura sikuyaona. Sasa kila mwezi nanakili kila neno kwenye diski, na diski ya pili iko kwa dada yangu Tabora.

Ankara sijalipa na silipi. Kuhama ningehama leo, lakini jina la tovuti limesajiliwa kupitia kwao na msimbo wa kulihamisha "bado unashughulikiwa". Nyota mbili, zote za fundi wa usiku. Au moja. Kama yule wa "mwisho wa reli" ndiye ameshika msimbo wangu, iandikeni moja.