Nyuzi pepe za Java: nilizitukana, nikazing'oa, nimezirudisha

Mstari mmoja tu: spring.threads.virtual.enabled=true. Ndio unaowasha nyuzi pepe (virtual threads) kwenye Spring Boot: uzi ni kazi moja inayoendeshwa ndani ya programu, na uzi pepe ni ule mwepesi ambao Java huusimamia yenyewe. Niliambiwa ukiuweka, kwisha kazi, seva itabeba maelfu ya maombi bila kuhema. Nikauweka. Januari moja hivi, wiki ya kufungua shule, saa mbili asubuhi, simu yangu ikawa ya moto kama pasi.

Mfumo wetu unapokea malipo ya ada. Ukigoma siku ile, mzazi yuko dirishani na meseji ya muamala mkononi, mhasibu anamwambia hela haijaonekana, halafu mhasibu ananigeukia mimi. "Kaka, huyu mama nimwambie nini?" Sikuwa na jibu. Prosesa asilimia tatu. RAM ya kumwaga. Logi safi, hakuna kosa hata moja. Lakini hakuna ombi lililojibiwa, hata lile la kuuliza tu kama seva ipo hai. Bora ingekufa! Ikifa najua kuiwasha. Hii ilikaa tu, inanitazama.

Nikaendesha jstack, chombo cha Java cha kuonyesha kila uzi unafanya nini. Ikanitolea nyuzi chache zimetulia kama wazee kibarazani. Nusu saa nzima imepotea ndipo nagundua kwamba jstack ya Java 21 niliyokuwa natumia haizionyeshi nyuzi pepe. Sharti utumie chombo kingine, jcmd, na amri yake Thread.dump_to_file. Yaani unaniuzia gari ambalo boneti yake ina ufunguo wake peke yake, na huo ufunguo hunipi!

Ugonjwa wenyewe ni huu. Prosesa ya seva yangu ina kori nne, kwa hiyo Java inaweka bodaboda nne za kubeba nyuzi pepe zote. Abiria akishuka kuingia dukani, yaani uzi ukisubiri hifadhidata, boda anaondoka kuchukua mwingine. Hapo ndipo utamu wote ulipo. Sasa kwenye Java 21, abiria akiingia dukani akiwa ndani ya synchronized, yaani kipande cha msimbo chenye kufuli ambacho huingia uzi mmoja mmoja, anaondoka na ufunguo wa pikipiki. Boda hatoki pale. Maktaba tuliyotumia kuongea na hifadhidata ilikuwa imejaa synchronized kila kona. Boda wanne wote wakakwama wakisubiri kufuli moja, na aliyepewa zamu ya hiyo kufuli yuko kituoni, anasubiri boda. Ikaishia hapo.

Nikawaandikia wenye maktaba, kwa adabu kabisa, na ushahidi wote. Jibu: "Soma nyaraka." Maneno mawili. Hata habari za asubuhi hakuna. Nimewahi kujibiwa vizuri zaidi na konda wa daladala.

Nikasoma, kwa hasira. Na kweli imo, kwenye JEP 444, waraka rasmi wa Java ulioleta nyuzi pepe, wala haikufichwa. Humo humo wamesema pia kwamba nyuzi pepe haziufanyi msimbo wako ukimbie zaidi. Zinakuwezesha kusubiri mambo mengi kwa pamoja, basi. Kwa hiyo ripoti zangu za PDF zinazokaanga prosesa zisingefaidika hata kidogo. Sawa, nililala kwenye kusoma. Lakini kitu kikitolewa rasmi Septemba 2023, si cha majaribio tena, kinatakiwa kiniachie usingizi wangu. Nikaung'oa ule mstari, nikarudi kwa nyuzi 200 za kawaida za Tomcat, seva ya wavuti iliyo ndani ya mfumo wetu, na kwa muda mrefu kila aliyeniuliza nilimwambia asiguse.

Sasa hapa ndipo ninapojisuta. Java 24, Machi 2025, ikaja na JEP 491, na lile la ufunguo likaisha: uzi ukisubiri ndani ya synchronized, boda anaenda zake. Nikangoja Java 25, nikaurudisha mstari huku mkono unatetemeka. Januari hii upande wa malipo ya simu ukawa mzito asubuhi nzima. Zamani nyuzi 200 zingejaa na kila mtu angesimama. Safari hii waliokwama walikwama kimya, wengine wakapita. Foleni ilihamia kwenye miunganisho ya hifadhidata, nilikuwa nimeacha ile kumi inayokuja na HikariCP, maktaba inayotunza miunganisho hiyo, lakini huo ni uzembe wangu.

Nyota mbili kwa Java 21. Kwa 25 nne... haya, tano, ila yule wa "soma nyaraka" simsamehe.

Saa mbili hiyo hiyo mhasibu akapiga. Moyo ukaruka. Kumbe printa imemeza karatasi.