Uzoefu wangu na ulinzi wa makro wa LibreOffice

Makro, yaani viprogramu vidogo vinavyokaa ndani ya faili, nazitumia karibu kila siku ya kazi, zinanisafishia majedwali, zinafuta mistari iliyojirudia, zinanyoosha tarehe ambazo kila mtu kaandika anavyojua yeye. Wengi wanashauri uzime makro zote kwa sababu zinaweza kubeba virusi, ushauri huo mimi hauniingii, nikizima kazi imesimama. Nilichokuwa nataka ni makro zangu zifanye kazi na za watu nisiowajua zisiguse kitu, na kwa LibreOffice, ile programu ya bure ya majedwali na dokumenti, hilo nimelipata vizuri kabisa.

Fungua Tools, Options, LibreOffice, Security, halafu Macro Security. Kuna viwango vinne, chini, wastani, juu na juu sana. Ukishainstoo unakikuta kipo juu, yaani makro isiyo na sahihi ya kidijitali (alama inayothibitisha imetoka kwa nani) kutoka kwa mtu uliyemuamini haifanyi kazi. Wengi nikiongea nao wanashusha kiwe wastani, kile kinachokuuliza kila ukifungua faili lenye makro. Sikipendi hata kidogo, ukiulizwa kitu hichohicho kutwa nzima kidole kinazoea kubonyeza ndiyo na siku faili baya likija nalo linapita hivohivo.

Mimi nimeweka juu sana. Hapo hata makro yenye sahihi haipiti, zinazokubaliwa ni zile tu za mafaili yaliyo ndani ya folda ulizoziorodhesha mwenyewe kuwa unaziamini, orodha iko hapohapo kwenye tabu ya Trusted Sources. Nina folda moja tu ya makro zangu, basi. Siulizwi chochote, makro zangu zinaenda, faili la imeili nalifungua nalisoma tu makro yake imelala. Tafadhali usije ukaweka folda ya daunlodi kwenye hiyo orodha, hapo utakuwa umefungua mlango mwenyewe, kila kinachotoka intaneti kinaangukia humo.

Kabla sijahamishia faili la mtu kwenye hiyo folda nasoma kodi yake, yaani maagizo yaliyoandikwa ndani ya makro, na hata kama hujui kuprogramu kuna vitu vya kuangalia, kama inajiwasha yenyewe faili likifunguliwa (kwenye VBA, lugha ya makro za Microsoft, utaona majina kama AutoOpen au Workbook_Open), kama kuna neno Shell maana hilo linaita programu nyingine, kama kuna anuani ya tovuti ndani, au maandishi marefu yasiyosomeka. Jedwali la kujumlisha hesabu linaitia nini programu nyingine?

Ingine, jina la faili lisikudanganye. Kwenye Excel .xlsx haibebi makro za VBA, .xlsm ndo inabeba, lakini .xls ya zamani inaweza kuwa nazo na huwezi kujua kwa jina, na .ods ya LibreOffice vilevile. Na ukikuta dokumenti ina picha ya ukungu imeandikwa bonyeza kuruhusu ndo uone yaliyomo, hiyo ifute, dokumenti ya kweli haihitaji makro ili isomeke. Mtego huu wa faili la kuvutia una miaka, kirusi cha Melissa cha 1999 kilikuja kwenye faili la Word na kikawa kinajituma chenyewe kwa watu 50 wa kwanza kwenye kitabu cha anuani cha Outlook, programu ya imeili ya Microsoft.

Kwa mnaoshirikiana na watu wa Excel, tangu 2022 Microsoft walianza kuzuia makro za mafaili yaliyotoka intaneti, kwa hiyo mwenzio akikwambia makro yako imegoma usimwambie ashushe ulinzi wote. Akishahakikisha ni wewe uliyemtumia, akupigie simu hata, abonyeze faili kwa kitufe cha kulia cha mausi, Properties, aweke tiki kwenye Unblock, linafunguka hilo moja tu na mengine yanabaki yamezuiwa.