Miaka sita ya kushindilia risasi nyumbani, na baruti niliyobaki nayo

Kopo la baruti ya HP-38 nililofungua Januari limeisha wiki iliyopita, na jana nimelipa dola 38 kununua jingine. Ndugu zetu walioko huku Marekani huniuliza kila mara: "Dada, nataka kuanza kushindilia mwenyewe, yaani kujaza upya maganda ya risasi yaliyokwisha kupigwa, ninunue baruti gani?" Kwenye simu nimejibu mpaka nimechoka, basi leo naandika.

Niseme kwanza ninachoshindilia. Naishi Kansas. Nina bastola ya 9mm ninayoitumia kwenye mashindano ya klabu siku za Jumamosi, na rivolva ya .38 Special. Huku, anayeshindilia kwa matumizi yake mwenyewe hahitaji leseni ya serikali kuu. Anayetaka kuuza ndiye anayeihitaji. Nyumbani Afrika Mashariki sheria ni nyingine kabisa, kwa hiyo aliyeko kule asome kwa kujua tu.

Babu yangu, upande wa Handeni, alikuwa na gobore. Nilikuwa namtazama akimimina baruti nyeusi mtutuni, anakisia kwa jicho, kisha anashindilia kwa mdeki. Mwenye mazoea hayo ayaache mlangoni. Baruti ya kisasa isiyotoa moshi ni nitroselulosi, na nyingi za bastola zimetiwa nitrogliserini juu yake. Kipimo chake ni kidogo mno, hupimwa kwa greni, na kopo la paundi moja lina greni 7,000. Hapo hakuna kukisia.

Sasa shida yenyewe. Risasi ya .38 Special ni ya mwaka 1898, enzi za baruti nyeusi, ndiyo maana ganda lake ni refu. Ukiweka baruti ya leo, sehemu kubwa ya ganda inabaki tupu. Chukua tochi, chungulia ndani: utaiona imelala chini kabisa kama machicha kwenye kikombe cha kahawa. Ukimimina mara mbili kwa bahati mbaya, bado haimwagiki. Unaweka kichwa cha risasi juu, unaminya, na kwa nje risasi hiyo haina tofauti yoyote na zile nyingine zilizo sanduku moja nayo.

Yamenifika. Usiku mmoja wa Februari, mwaka wangu wa pili, nilikuwa nimeshusha mpini wa mashine nusu pale simu ya mama kutoka Tanga ilipoingia. Nikaongea naye dakika kumi, nikarudi, nikaendelea. Nilipofika mwisho wa sanduku moyo ukakataa. Nikazipima risasi zote kwa mizani ya dijitali, lakini uzito wa maganda unatofautiana, na tofauti hiyo peke yake inatosha kuficha kipimo cha ziada. Nikachukua nyundo ya kung'olea vichwa, nikazigonga moja moja, risasi 100, mpaka saa saba usiku. Ya 63 ilitoa baruti mara mbili ya wenzake. Niliimwaga kwenye kisahani cheupe nikaitazama, mikono inatetemeka, maana kipimo hicho kingeweza kuipasua rivolva, nayo huwa naishika karibu na uso wangu. Baruti niliyotumia siitaji jina. Kosa lilikuwa langu, ila ilikuwa ya aina nzito isiyochukua nafasi.

Tangu usiku ule nachagua baruti kwa swali moja kabla ya bei, kabla ya kasi: nikikosea, jicho langu litaona?

Titegroup ya kampuni ya Hodgdon ndiyo wauzaji wengi humpa mgeni, na sababu wanayo. Kipimo chake ni kidogo, kwa hiyo kopo linafika mbali. Chembe zake ni ndogo, zinapita vizuri sana kwenye kipimio, kile chombo cha kupimia na kumimina baruti. Hata ikilala upande mmoja wa ganda kubwa inawaka vilevile, jambo ambalo baruti nyingi haziwezi. Ni baruti bora, na watu wenye uzoefu wanafanya nayo maajabu. Lakini inawaka kwa joto kali, bastola yangu huchemka baada ya magazini chache tu, na kwenye ganda la .38 karibu huioni. Hata kwenye 9mm, ambayo ganda lake ni fupi, kipimo maradufu kinaweza kuingia na kutulia. Mwanafunzi simpi.

HP-38 ndiyo ninayoisifu bila kusita kwa 9mm. Ni chembe za mviringo zilizobanwa, zinateremka kwenye kipimio kama mchanga mkavu. Nikipima mara kumi mfululizo, tofauti haizidi sehemu ya kumi ya greni. Inajaza ganda la 9mm kiasi cha kuonekana, na ukimimina mara mbili inafika mdomoni. Jicho linaona, mkono unasimama. Na jambo la kuwaokolea pesa: HP-38 na Winchester 231 ni baruti moja yenye lebo mbili. Mwaka 2020, baruti ilipoadimika madukani, mimi nilipata 231 pale ambapo wenzangu walirudi mikono mitupu wakitafuta HP-38.

Unique ya Alliant ni ya tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, na ndiyo naitumia kwenye rivolva. Ni vipande bapa, vikubwa, vyepesi, vinavyochukua nafasi ndani ya lile ganda refu. Kasoro yake ni kipimio: vipande vinajibana, kimoja kinakatwa, kingine kinakwama, na kipimo kinapanda na kushuka. Nimezoea kugonga kipimio kwa kidole mara mbili kila zamu, na kila risasi ya kumi naipima kwenye mizani. Masizi pia inaacha. Hayo yote navumilia, kwa kuwa naiona.

Kuna Trail Boss, iliyotengenezwa kusudi ijaze maganda makubwa kama ya .38, chembe zake ni vipete vyenye tundu katikati, na ukiweka mara mbili inamwagika mezani. Ningeipendekeza kuliko zote kwa rivolva, lakini kwa miaka kadhaa sasa kuipata ni taabu tupu.

Vipimo siandiki hapa na msiniombe. Chukueni kwenye kitabu cha mtengenezaji, kwa kichwa cha uzito uleule na aina ileile, muanze na kipimo cha chini.

Kuhusu kununua: msinunue kopo lililofunguliwa, hata kwa bei ya kutupa. Kwenye maonyesho fulani ya bunduki niliuziwa kopo nusu, lebo nzuri, muuzaji mcheshi. Nilipofika nyumbani nikafungua, harufu kali ya asidi ikanipiga puani, na ndani ya mfuniko kulikuwa na vumbi jekundu kama kutu. Baruti hiyo ilikuwa imeanza kuoza. Niliitawanya nyembamba kwenye majani nyuma ya nyumba, dola zangu zikaenda.

Baruti ibaki kwenye kopo lake la asili, mahali pakavu pasipo joto. Kanuni za zimamoto za huku zinakubali hadi paundi 20 nyumbani kwenye makopo ya asili. Ikizidi hapo, mpaka 50, iwe ndani ya sanduku la mbao lenye kuta za unene wa inchi moja. Mzee jirani aliyenifundisha kazi hii alikuwa na sheria yake pia: mezani kopo moja tu. Ukimaliza, baruti iliyobaki kwenye kipimio irudi kopo lake kabla hujashika jingine. Nimemwona akisimamisha kazi yake yote kwa sababu mimi nimeweka kopo la pili karibu na kiwiko chake.

Sasa naweka maganda 50 kwenye ubao wenye matundu, namimina, kisha napita na tochi safu kwa safu kabla ya kichwa hata kimoja kuwekwa. Simu iko juu, sebuleni.

Kopo la jana lina namba ya toleo tofauti na lile lililoisha, na toleo moja huweza kutofautiana kidogo na jingine. Jumamosi hii nashindilia kumi tu, kwa kipimo cha chini cha kitabu, niende nazo uwanjani nikaone.