Ketorolaki ya matone, mililita 5: dawa nzuri, chupa kubwa mno

Ukitolewa mtoto wa jicho Mbeya mjini au Iringa kisha ukarudi zako Chunya, Makete au Kilolo, hiki ndicho kichupa utakachokaa nacho daktari akiwa mbali. Kazi yake inaiweza. Jicho likishapasuliwa hutoa prostaglandini, kemikali zinazoleta wekundu, maumivu na uvimbe. Ketorolaki ya asilimia 0.5 inazizuia, tena bila kupandisha presha ya jicho kama steroidi, dawa nyingine za kutuliza uvimbe, zinavyoweza kufanya.

Dozi iliyozoeleka ni tone 1 mara 4 kwa siku, kuanzia saa 24 baada ya upasuaji, kwa wiki 2. Wapo madaktari wanaoianzisha siku moja kabla, ili mboni isijifunge wakati wa upasuaji. Fuata cheti chako.

Sasa piga hesabu. Mara 4 kwa siku 14 ni matone 56, na chupa ina matone kama 100. Ukimaliza dozi, karibu nusu inabaki, na hapo ndipo tunapoipunguzia alama. Mtu anaendelea "kumalizia dawa" kama alivyofundishwa kwa vidonge vya antibiotiki, au anamgawia jirani mwenye jicho jekundu. Dawa za kundi hili, yaani za kutuliza uvimbe zisizo steroidi, huchelewesha kidonda kupona. Zikipita siku 14 bila daktari kuagiza, konea, kioo cha mbele cha jicho, inaweza kuchubuka, kulainika, hata kutoboka, hasa kwa mwenye kisukari, macho makavu au baridi yabisi. Na kwa kuwa zinatuliza maumivu, jirani mwenye maambukizi atajiona amepona huku jicho linaharibika.

Inachoma kidogo ikiingia, sekunde chache tu. Asubuhi za Julai pale Uyole au Mafinga chupa huwa ya baridi na jicho linashtuka. Ifumbate kiganjani kwa dakika moja, usiisogeze kwenye jiko la mkaa.

Kuweka tone: nawa kwa sabuni, lala chali, vuta kope ya chini ipate kijimfuko, dondosha moja bila ncha kugusa kope. Fumba taratibu, usikaze, kisha bonyeza kona ya jicho upande wa pua kwa dakika moja au mbili, dawa isiteremkie kooni. Tone la pili halina faida, litaishia shavuni. Kama una antibiotiki au steroidi pia, subiri dakika 5 kati ya dawa na dawa. Mzee mwenye mkono unaotetemeka awekewe na mjukuu.

Nepafenaki ya asilimia 0.1, dawa nyingine ya kundi hilihili, ni mara 3 kwa siku, ila lazima itikiswe kila mara. Isipotikiswa dawa inatuama chini, na siku za mwanzo unaweka majimaji tu.

Mwenye pumu, mzio wa aspirini au anayemeza dawa ya kuyeyusha damu aseme kabla ya kuandikiwa. Maumivu yakizidi, usaha ukitoka, uoni ukififia au doa jeupe likitokea kwenye jeusi la jicho, rudi hospitali siku hiyohiyo. Uoni unaofifia wiki ya 4 hadi ya 6 huenda ni uvimbe wa retina, pazia la nyuma ya jicho linalopokea mwanga. Huo daktari anaweza kuutibu kwa matone hayahaya kwa muda mrefu zaidi, lakini yeye ndiye anayeamua.

Alama: 4 kati ya 5. Karatasi ya ndani mara nyingi ni Kiingereza cha herufi ndogo, basi mwombe mfamasia aandike kwa kalamu kwenye chupa tarehe ya kuanza na ya kuacha.