Shahada ya Uzamili ya Utawala wa Umma ukiwa kazini: ipi ununue kwanza, ipi uiache

Nilikaa kwenye dawati la utumishi miaka kumi na minne, katika halmashauri mbili. Majalada ya watumishi yalipita mikononi mwangu kila siku, na kuna karatasi moja iliyokuwa ikininyima raha kila nilipoikuta: cheti cha shahada ya uzamili kilichopatikana kwa jasho na fedha ya mtumishi mwenyewe, lakini bila barua ya ruhusa ya mwajiri, au kimetoka kwenye chuo ambacho Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) haikitambui. Mwenye cheti anaingia, anakaa ukingoni mwa kiti, anauliza kwa sauti ya chini, "Dada, hii itanisaidia lini?" Nilimjibu mama mmoja swali hilo siku ya Ijumaa. Alikuwa amekopa benki kulipa ada, na marejesho yalikuwa yamebaki miaka miwili.

Kwa ajili yake, na wengine kama yeye, mpangilio huu hauanzi na majina makubwa ya vyuo. Ninawaandikia maafisa wa ngazi ya kati: afisa tarafa, afisa mipango, mkuu wa kitengo, muuguzi mfawidhi aliyeanza kushika bajeti, watu wa miaka thelathini na mitano hadi hamsini wenye kazi, familia na msiba wa kwenda kila wiki mbili. Hawa hawawezi kuacha kazi mwaka mzima. Wanatafuta shahada ya kusoma kwa mtandao, na siku hizi matangazo yake yamejaa kwenye simu.

Kabla ya chuo, jalada

Tafuta muundo wa maendeleo ya utumishi wa kada yako uusome mwenyewe, usisimuliwe. Angalia kama cheo unachokitaka kinadai shahada ya uzamili, na kama kinadai, ni katika fani zipi. Fani huandikwa kwa majina. Cheti kinachosomeka "utawala na uongozi" na kinachosomeka "utawala wa umma" vinaweza kuwa na masomo yanayofanana kwa sehemu kubwa, lakini anayepitia jalada lako atalinganisha maneno na maneno. Ukiona jina la shahada halimo kwenye muundo, uliza kwa maandishi na upate jibu la maandishi.

Kisha omba ruhusa ya masomo kupitia kwa mkuu wako wa idara, na uombe jina lako liingie kwenye mpango wa mafunzo wa taasisi. Wengi huiruka hatua hii kwa kuona kwamba wanasoma usiku, nyumbani kwao, kwa bando lao. Mimi nasema usilipe hata ada ya maombi kabla barua hiyo haijarudi na sahihi. Kwa chuo cha nje, hakikisha mapema TCU inakitambua. Kenya milango ya kugonga ni Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu na KNQA, mamlaka ya kitaifa ya sifa za elimu, na Uganda ni Baraza la Taifa la Elimu ya Juu.

Hesabu ya saa

Jambo la pili ni muda, na hapa ndipo matangazo yanapodanganya watu wazima. "Soma kwa wakati wako" haimaanishi muda utapatikana. Chukua mfumo wa Uingereza, ambao hesabu yake iko wazi: shahada ya uzamili ina krediti 180, na krediti moja inakadiriwa kuwa saa 10 za kusoma, kuandika na kujiandaa. Jumla ni saa 1,800. Mtu mwenye kazi akijibana sana atapata saa mbili kila siku alfajiri na kidogo zaidi, yaani 15 kwa wiki. Saa 1,800 kwa 15 ni wiki 120, zaidi ya miaka miwili bila kuruka wiki ya Pasaka, ya bajeti, wala ya mtoto kuugua.

Jaribu wiki nne kabla hujajisajili. Amka saa kumi na moja, kaa mezani mpaka saa moja, soma ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) kurasa kwa kurasa na uandike muhtasari wa ukurasa mmoja kila Jumapili. Ukifika wiki ya nne ukiwa na mihtasari minne, nunua. Ukiwa na miwili, panga upya maisha ya nyumbani kwanza, zungumza na mwenzi wako, ndipo ulipe.

Nafasi ya kwanza: Chuo Kikuu Huria cha Tanzania

Kwa mtumishi aliye Namtumbo, Kibondo au Mafia, hiki ndicho ninachokiweka mbele. Kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, na tangu mwanzo kazi yake imekuwa kumfundisha mtu aliye mbali na aliye kazini. Si chuo cha kawaida kilichoongeza mtandao baadaye. Kina vituo mikoani, mtihani unafanyika kituoni badala ya kusafiri hadi Kinondoni, na ule utaratibu wa mtihani kwa ombi la mwanafunzi umewaokoa wengi wanaopangiwa safari za kikazi ghafla. Katika fani yetu kuna shahada ya uzamili ya utawala na uongozi. Ndiyo maana nimesisitiza usome maneno ya muundo wako kwanza.

Faida nyingine ni kwamba ada inalipwa kwa shilingi, kwa awamu, na suala la kutambuliwa halikusumbui. Udhaifu wake ni upweke. Hakuna mwenzako wa kukugongea mlango, na asiyejiundia kikundi hupotea katikati ya mihula. Wanaomaliza ninaowafahamu wote walikuwa na kikundi cha WhatsApp cha watu watano au sita, wenye zamu ya kuwasilisha somo kila Jumatano usiku. Siku ya kwanza kituoni chukua namba za simu kabla ya kuchukua vitabu.

Nafasi ya pili: Uingereza, lakini kwa ufadhili

Vyuo vikuu vya Birmingham na York vina shahada ya uzamili ya utawala wa umma inayosomwa mtandaoni kwa muda wa ziada. Masomo ni mazuri: sera, fedha za umma, uongozi wa mabadiliko, tathmini ya miradi. Unajikuta kwenye jukwaa moja na afisa wa serikali ya mtaa wa Leeds na mwingine wa wizara ya Ghana, na mjadala wa jinsi kila mmoja anavyokusanya mapato ya ndani unakufundisha kuliko kitabu. Saa za huko nazo zinavumilika, kwani kipindi cha saa moja jioni London kwako ni saa tatu usiku wakati wa kiangazi chao na saa nne wakati wa baridi.

Tatizo ni ada. Inapita pauni 10,000, na mshahara wako ni wa shilingi. Pauni ikipanda katikati ya masomo, awamu ya tatu inakuwa mzigo ambao hukuupanga, na ukichelewa unaweza kufungiwa mfumo huku kazi ya kuwasilisha ikiwa imeiva. Sishauri mtu alipe kiasi hicho kwa mkopo wa mshahara. Sishauri hata kidogo.

Njia ipo, na inanishangaza ni wachache kiasi gani wanaoijua. Serikali ya Uingereza, kupitia Tume ya Ufadhili ya Jumuiya ya Madola, inatoa ufadhili maalumu kwa shahada za uzamili za masomo ya masafa. Unabaki nchini kwako, unabaki kazini, na ada inalipwa. Watanzania, Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wote wanaweza kuomba. Kila mwaka hutolewa orodha ya vyuo na kozi zilizoingizwa kwenye mpango, kwa hiyo usichague chuo kwanza. Fungua orodha ya mwaka huo, uone kozi za utawala, sera au maendeleo zilizomo, kisha uombe kwa utaratibu wa chuo husika na wa tume. Andaa nakala za matokeo ya shahada ya kwanza mapema, maana huangalia ufaulu, na andika wazi jambo moja utakalolitatua katika kazi yako. Sentensi kama "nataka kuchangia maendeleo ya taifa" haimwambii msomaji lolote. "Katika wilaya yangu vituo vya afya vinachelewa kupata fedha za robo ya kwanza, nami ndiye ninayeandaa maombi hayo" inamwambia mengi.

Ukiupata ufadhili huo, nafasi ya pili inapanda kuwa ya kwanza.

Nafasi ya tatu: Mzumbe na Dar es Salaam, kama uko jirani

Ukiniuliza shahada ipi ina uzito zaidi ndani ya utumishi wa umma wa Tanzania, nitakujibu Mzumbe bila kusita. Mahali pale palianza mwaka 1953 kama shule ya kufundisha watawala wa serikali za mitaa, pakawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo mwaka 1972, na chuo kikuu mwaka 2001. Ukihudhuria kikao chochote cha wakurugenzi utakuta meza nzima imepita chini ya milima ya Uluguru, na watu hao husaidiana. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kina idara yake ya sayansi ya siasa na utawala wa umma, yenye walimu waliobobea katika nadharia na utafiti.

Nimeviweka nafasi ya tatu kwa sababu moja tu, umbali. Ukifanya kazi Dar es Salaam, Morogoro au Mbeya, na ratiba ya mwaka huo ina darasa la jioni au la mwisho wa wiki, viweke juu ya vyote. Ukiwa Ngara, havikufai hata viwe vizuri vipi.

Nafasi ya nne: majirani

Taasisi ya Menejimenti ya Uganda, Kampala, ilianza mwaka 1968 ikiwa taasisi ya utawala wa umma, na wanafunzi wake tangu hapo ni watu walio kazini. Walio Kagera wanaweza kuifikiria. Kwa Wakenya, Chuo Kikuu cha Nairobi kina shahada hii, na Kenyatta kina shahada ya sera na utawala wa umma pamoja na shule yake ya masomo ya mtandaoni. Uliza kama kozi unayoitaka inatolewa kwa mtandao mwaka huo, usiishie kwenye tangazo la jumla. Mtanzania anayesoma kwa majirani bado anahitaji utambuzi wa TCU.

Nafasi ya tano: Marekani

Huko ndiko shahada hizi za "watendaji" zilikokomaa. Shule ya Maxwell ya Chuo Kikuu cha Syracuse ilianzishwa mwaka 1924, na shahada yake ya watendaji ni ya krediti 30, kwa watu wenye uzoefu mkubwa kazini. Kwa chuo chochote cha huko, kigezo cha kuangalia ni ithibati ya NASPAA, chombo kinachokagua shahada za utawala na sera za umma. Nina heshima na elimu hiyo. Lakini ada ya Syracuse pekee inapita dola 50,000, na programu nyingi za Kimarekani zina vipindi vya moja kwa moja jioni. Saa moja jioni ya New York wakati wa baridi ni saa tisa usiku ya Dodoma, nawe saa mbili kasoro asubuhi unatakiwa uwe umesaini daftari la mahudhurio. Kama shirika la kimataifa linakulipia, chukua. Vinginevyo, pita.

Pengine huhitaji shahada

Nimeona watu wakitumia miaka mitatu kutafuta shahada wakati kilichowazuia kupanda kilikuwa kozi ya uongozi. Kenya jambo hili liko wazi: kozi za menejimenti na uongozi za Kenya School of Government, zile zinazoitwa SMC na SLDP, hutajwa kwenye matangazo ya vyeo vya juu, na hudumu wiki, si miaka. Tanzania, Taasisi ya UONGOZI ina stashahada ya uzamili ya uongozi inayoendeshwa pamoja na Chuo Kikuu cha Aalto cha Ufini. Kama una shahada ya uzamili ya fani nyingine tayari, tazama hizi kabla ya kununua shahada ya pili.

Mahali watu wanapokwama

Masomo ya darasani karibu kila mtu huyamaliza. Sapu moja mbili, unapita. Kinachowaua watu ni utafiti wa mwisho. Mimi mwenyewe nilimaliza mitihani nikiwa na furaha, nikawasilisha sura tatu za kwanza, kisha nikasubiri miezi mitano bila neno kutoka kwa msimamizi wangu. Ada ya mwaka wa ziada niliilipa mimi. Chuo chenyewe sitakitaja, maana nimesikia habari ileile kutoka vyuo vingi.

Kwa hiyo chuo chochote utakachokichagua, kiandikie barua pepe kabla ya kulipa, na uulize mambo matatu: msimamizi anapangwa muhula wa ngapi, kanuni zinampa siku ngapi kurudisha sura aliyopelekewa, na nani wa kumwendea akipitiliza. Andika tarehe uliyotuma. Wiki mbili zikipita kimya, au ukijibiwa kwa kipeperushi cha matangazo, hamia kwenye chuo kinachofuata katika orodha yako.