Uzoefu wangu: asidi ya kubandua ngozi ya uso, nyumbani, kwa ngozi isiyovumilia

Ngozi yangu haivumilii. Sabuni yenye manukato nikioshea uso asubuhi, ikifika saa nne mashavu yanawaka na chini ya macho panawasha. Ndiyo maana nilipotaja nyumbani kwamba nataka kujaribu asidi za kuondoa ngozi iliyokufa, shangazi yangu wa Pangani alipiga simu makusudi. "Mwanangu, saga liwa, uso wako hauwezi mambo hayo." Liwa naipenda na bado naitumia. Ila nilikuwa na madoa meusi ya chunusi kwenye taya, yana miaka miwili hayaondoki, na mimi ni fundi cherehani, kila mteja anayekuja kupimwa yuko sentimita thelathini kutoka usoni kwangu.

Niseme jambo moja mapema. Hapa Dar es Salaam ukitamka "kubandua ngozi", mtu anasikia mkorogo. Hivi ni vitu viwili. Mkorogo ni krimu zenye hidrokwinoni, zebaki au steroidi, viambato vilivyopigwa marufuku kwenye vipodozi nchini kwetu, na lengo lake ni kuifanya ngozi iwe nyeupe. Asidi ninazozungumzia hapa hulegeza kile kinachozishikanisha seli zilizokufa za juu kabisa, zikadondoka mapema kuliko zingedondoka zenyewe. Rangi yako inabaki ile ile. Anayetafuta weupe asinunue.

Nimejaribu mara mbili, chupa mbili tofauti, na ya kwanza iliniumiza.

Ilikuwa asidi ya glikoliki, asilimia 30, nimeinunua Kariakoo kwenye duka la vipodozi. Muuzaji alinihakikishia, "Dada, hii wateja wangu wote wanarudi kuichukua." Karatasi ya ndani iliandika dakika hadi kumi, na uache ukiona wekundu. Hapo ndipo nataka wenzangu wenye ngozi ya kahawia na nyeusi msome taratibu. Wekundu kwenye uso wangu hauonekani. Nilikaa mbele ya kioo nikiusubiri, huku ngozi inachonyota kama kidonda kilichodondokewa ndimu, nikajiambia mbona sioni chochote. Dakika ya tatu nilishindwa, nikanawa. Kwa ngozi kama yangu dalili huioni kwa macho, unaisikia kwa ngozi yenyewe: kuwaka kunakoongezeka badala ya kupungua ndiyo alama ya kuacha.

Usiku ule sikuona ubaya. Uso ulikuwa laini, nikalala nimefurahi. Kesho yake nilikuwa na sare za harusi za kumaliza, magauni kumi na mawili ya kitenge. Banda langu Tabata linaangalia magharibi, na nikikaa kwenye cherehani shavu la kushoto ndilo linaloelekea barabarani. Nilishona tangu saa sita mchana hadi jua linazama, nikipiga pasi ya mkaa katikati, uso umeinamia mvuke na joto. Sikupaka chochote cha kuzuia jua. Siku ya nne shavu la kushoto likatoa baka la rangi ya kahawa iliyokolea, ukubwa wa kifuniko cha soda. Shavu la kulia halikuwa na kitu. Asidi ile ile, dakika zile zile. Tofauti ilikuwa jua.

Baka lile lilikaa miezi mitano. Nilikwenda kwa daktari wa ngozi, mama mtaratibu sana, akanieleza huku anaandika. Glikoliki ina molekuli ndogo kuliko asidi zote za kundi lake, kwa hiyo inazama haraka na kwa ngozi nyepesi kuumia inazama kupita kiasi. Ngozi yetu ikichokozwa, inajibu kwa kumwaga rangi, na rangi hiyo inachukua miezi kuondoka. Tena asidi hizi zinaiacha ngozi ikiwa dhaifu mbele ya jua, na udhaifu huo unaendelea hata wiki nzima baada ya kuacha kuzitumia. Aliponiuliza, "Kesho yake ulikuwa wapi?" nikamweleza habari ya magauni, akatikisa kichwa tu.

Hakunikataza moja kwa moja. Alisema kama bado nataka, nisubiri baka lipone, nitafute asidi ya mandeliki isiyozidi asilimia 10, nianze miezi ya baridi. Mandeliki asili yake ni lozi chungu. Molekuli yake ni kubwa, inaingia polepole, na wengi wenye ngozi kama zetu wanaivumilia. Laktiki, ile inayopatikana pia kwenye maziwa yaliyoganda, nayo ni ya upole. Baadaye nikasoma kwamba Julai 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliwaonya watu wasinunue asidi kali za kubandua uso na kujipaka wenyewe bila mtaalamu, kwa sababu watu walikuwa wanaungua kikweli. Chupa yangu ya kwanza ilikuwa ya aina hiyo hiyo. Asilimia 30 haikupaswa kuuzwa kwangu juu ya kaunta kama sabuni, na hilo linanikera hadi leo.

Chupa ya pili nilinunua kwa mfamasia, mililita 30, shilingi 38,000. Mandeliki asilimia 10, imeandikwa pH 3.5, yaani kipimo cha ukali wa asidi, ina tarehe ya mwisho wa matumizi na jina la mtengenezaji. Haina harufu zaidi ya kuukuu kidogo, kama unga uliokaa kabatini. Nzito kidogo kuliko maji.

Nilianza na nyuma ya sikio. Tone moja, dakika mbili, nikaosha, nikasubiri siku mbili kamili. Hapakuwa na kitu. Wiki nzima kabla ya hapo niliacha krimu ya chunusi ya usiku na sikuchonga nyusi, maana uzi unachuna ngozi na asidi ikipita hapo inakata.

Jumamosi usiku, mwanzoni mwa Juni. Kitu cha kwanza nilichoandaa ni maji. Mtaani kwetu bomba linaweza kukauka siku tatu, na usithubutu kujipaka asidi usoni huku huna uhakika wa kunawa. Tena maji ya kisima chetu ni ya chumvi, ngozi iliyotoka kupakwa asidi inayasikia. Nilichemsha maji, nikayapoza, nikayaweka kwenye beseni na kopo pembeni, lita tatu hivi. Nikanawa uso kwa sabuni isiyo na harufu, nikakausha, nikasubiri robo saa hadi ngozi ikauke kabisa. Mafuta ya mgando nikapaka kwenye kingo za midomo, pembe za pua na kuzunguka macho, kwa sababu asidi hujikusanya kwenye mikunjo na hapo ndipo inapochoma zaidi. Kisha kwa pamba: paji la uso kwanza, halafu mashavu, taya na kidevu mwisho. Simu niliitega dakika moja tu.

Ilitekenya. Kama mtu anakupitishia majani makavu usoni. Haikuchonyota, haikuwaka. Kengele ilipolia nilinawa kopo baada ya kopo, nikakausha kwa kugonga taulo bila kusugua, nikapaka losheni nzito isiyo na manukato, basi.

Baada ya wiki mbili, dakika mbili. Baada ya wiki mbili nyingine, tatu. Sijavuka dakika tano na sina haja.

Siku ya tatu kila mara ngozi ya pembeni mwa mdomo inatoka vipande vidogo vyembamba kama utando wa maziwa yaliyochemka. Mkono unatamani sana kuvuta. Nilivuta kipande kimoja raundi ya pili, kikatoka na ngozi ambayo haikuwa tayari, pakawaka siku mbili. Tangu hapo napaka losheni mara nyingi zaidi na kuviacha vidondoke vyenyewe.

Sasa jua, ambalo kwangu ndilo nusu ya kazi yote. Dar iko karibu na ikweta, mwanzoni mwa Machi na tena Oktoba jua la mchana linapita juu ya utosi kabisa, na hata Juni na Julai yenye kaupepo bado ni jua kali. Mawingu nayo hayazuii kila kitu. Losheni ya kuzuia jua niliyotumia mwanzo, SPF 50, iliniacha na rangi ya majivu, wateja wakaniuliza kama naumwa. Zenye madini ya zinki ndizo zinazoacha weupe huo, lakini ndizo ngozi yangu inazivumilia. Nilichofanya ni kutafuta yenye rangi ya kahawia ndani yake; rangi hiyo inatokana na madini ya chuma, na inasaidia pia kuzuia mwanga wa kawaida ambao kwa ngozi nyeusi nao unachochea madoa. Napaka urefu wa vidole viwili, uso na shingo, kisha narudia kila baada ya saa mbili nikiwa bandani. Inaisha haraka na si rahisi kwa mfuko. Tuna bahati kwamba nchini kwetu, Moshi, wanatengeneza Kilisun, losheni ya kuzuia jua kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino. Ni kazi ambayo nikiifikiria naona jinsi wengine wetu tulivyolichukulia jua kwa wepesi.

Zaidi ya losheni, cherehani nimeigeuza. Sasa barabara iko mgongoni kwangu. Turubai nimelishusha upande wa magharibi, na siku tatu baada ya asidi sigusi pasi. Binti anayejifunza kazi kwangu ndiye anayepiga. "Dada, leo pasi yangu?" ananiuliza Jumatatu, nami namwitikia, "Leo yako."

Baada ya raundi sita, yaani kama miezi mitatu: madoa mawili ya taya yamefifia hadi mimi mwenyewe nayatafuta kwa kioo. Moja kubwa bado lipo, limepungua labda nusu. Chunusi ndogo ndogo za kidevu hazitoki kama zamani. Ngozi ukipitisha kiganja ni laini, na poda haigandi kwenye pua. Vishimo viwili vya tetekuwanga kwenye paji la uso viko vile vile, na mandeliki ya nyumbani haiwezi kuviondoa, mtu asikudanganye. Kuwasha kwa ngozi yangu hakukupona pia. Sabuni ya manukato bado ni adui.

Ningempa mtu chupa hii? Dada yangu ndiyo, nikiwa nimekaa naye. Mjamzito aongee kwanza na daktari wake. Mwenye kidonda, pumu ya ngozi iliyoamka, au anayetumia vidonge vikali vya chunusi, hapana. Na aliyetoka kwenye mkorogo karibuni, hapana kabisa, maana ngozi ile imeshakonda, haina cha kubanduliwa. Mteja wangu mmoja wa namna hiyo aliniomba tone tu ajaribu. Nilikataa, akanuna, wiki iliyofuata akarudi kuchukua gauni lake tukazungumza vizuri, nikampeleka kliniki ile ile niliyotibiwa mimi.

Kwenye kununua: angalia asilimia na pH kwanza, kabla ya picha ya kwenye boksi. Tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, kwa hiyo chupa isiyo na jina la mtengenezaji wala tarehe irudishe kaunta bila aibu. Asilimia isipoandikwa, usijipake.

Naandika haya mwishoni mwa Septemba. Chupa imebaki robo. Nimeifunga vizuri, nimeiweka kwenye sanduku la nyuzi mbali na joto, na sitaigusa tena hadi Juni.